Kisanduku cha Mwisho cha Korona

Semkiwa alivua mabuti kabla ya kuingia. Hakuna aliyemwambia avue. Ghala lile la singa za mkonge alikuwa ameliingia mara elfu na tope lake miguuni, lakini asubuhi ile sakafuni palikuwa pamelazwa akili ya mashine, na mtu haikanyagi akili ya mwenzake kwa mabuti.

Taa kumi na mbili zilizofungwa kwenye kenchi za paa zilikuwa zinamwaga picha chini, kutoka ukuta hadi ukuta, hatua arobaini kwa ishirini na tano. Vilikuwa visanduku vya mwanga, kimoja kidogo kama kiganja, kingine kikubwa kama godoro. Kati yake zilipita nyuzi, nyembamba na nyeupe kama singa iliyotoka kupigwa brashi, nyingi kiasi kwamba hata ukizihesabu mwaka mzima hufiki. Na zilikuwa hai. Upande wa pili wa ukuta korona ilikuwa inakula majani ya mkonge, na kila jani lilipoingia kwenye ngoma yake ya visu, mwanga ulikimbia sakafuni kutoka kisanduku hadi kisanduku, ukapita chini ya nyayo za Semkiwa, ukaenda zake. Alisimama mlangoni akashindwa kuvuta hatua ya pili. Miaka kumi na tisa alikuwa ameishi na mashine ile akidhani anaijua.

"Ingia tu, Mzee Semkiwa," akasema Injinia Nakijwa. "Haing'ati."

"Najua haing'ati. Nataka kwanza inizoee."

Mashine za kuchana mkonge zimeitwa korona tangu enzi za mababu, na jina lilibaki hata mashine zenyewe zilipobadilika. Hii ya shamba la Kwempunda ililetwa ikiwa na akili ya kujifunza. Waliyoiandikia waundaji wake ni machache: zunguka, lisha, simama. Mengine yote ilijifunza kwa kutazama mikono ya watu, ikijiongezea kidogo leo na kidogo kesho, mpaka ikawa inachana jani safi kuliko mashine yoyote ya ukanda ule, na hakuna mtu aliyejua inafanyaje. Ukiifungua ulikuta mistari laki nne ya maandishi ambayo hayakuandikwa na binadamu.

Sasa ilikuwa imetoka sheria. Kuanzia mwezi ujao, mashine iliyojifundisha yenyewe isizunguke mpaka kila kipande cha akili yake kiwe na jina la kazi yake, na alama ya dole gumba la mtu atakayebeba lawama kikileta madhara. Kipande kisicho na jina kifutwe. Nakijwa Mbwambo, binti wa Kipare, mfupi, mwenye kucha zilizotafunwa, alikuwa ametumia miaka minne kutengeneza chombo cha kazi hiyo. Alikiita Ramani. Ramani iliisoma ile mistari laki nne ikaichora, ili mtu aione akili ya mashine kwa macho, aisogeze, aikate, aiunge, na mashine ifuate.

Mwanzoni Ramani ilikaa kwenye kioo cha ukubwa wa sinia. Semkiwa aliletwa kwa sababu ndiye aliyeijua korona kwa sikio. Shule aliiacha darasa la tano akaenda kubeba majani. Alikitazama kile kioo na herufi zake, akasema wazi kwamba hiyo ni ramani ya sisimizi. Nakijwa alinuna siku nzima. Kesho yake akaazima ngazi, akapanda na taa zake, akaihamishia Ramani sakafuni. Sasa ukitaka kusogeza kisanduku unakikanyaga kwa kisigino na kukiburuta. Ukitaka kukata uzi unaukanyaga kwa miguu miwili na kuitanua. Ukitaka kuona ndani ya kisanduku unasimama juu yake, unavuta pumzi tatu, nacho kinafunguka.

Semkiwa aliingia. Alisimama juu ya kisanduku cha kwanza, akafumba macho, akasikiliza ngoma kupitia ukuta. Mwanga ulipopita chini ya unyayo, mlio wa ngoma ulilegea kidogo, ukakaza tena. Akamwambia injinia akate uzi. Nakijwa akakata. Nje korona ikaanza kukohoa.

Akasema, "Rudisha. Hicho ni cha majani yenye umande. Inayalegezea mkono yasiteleze."

Nakijwa akaandika: kulegeza jani la umande. Semkiwa akabonyeza dole gumba sakafuni, alama yake ikaingia katika mwanga na kubaki pale, mistari yote ya kidole ikionekana.

Hivyo ndivyo walivyofanya wiki tano. Kuna visanduku vilivyomchukua dakika, na kuna vilivyomchukua siku mbili. Lakini kilichomshangaza kuliko vyote kilikuwa karibu na dirisha. Alipokisimamia, miguu yake ilianza yenyewe kucheza mwendo anaoujua: hatua, kisha kiuno kinapinda kushoto, kisha kutupa. Ulikuwa mtupo wa Mzee Chambo, mtu pekee aliyewahi kulisha jani kwa kulisokota. Mzee Chambo alikuwa amezikwa miaka kumi na miwili iliyopita. Semkiwa mwenyewe alishika jeneza. Na bado, kila lilipokuja jani lililopinda, korona ililisokota kwa kiwiko cha marehemu.

Aliucheza mwendo ule mara moja tena. Kisha akamwambia Nakijwa aandike kulisokota jani lililopinda, na kama sheria inaruhusu, aongeze chini yake jina la Chambo. Nakijwa akasema sheria haikusema kitu. Akaliongeza.

*

Wiki ya tano ilipoisha walikuwa wametaja visanduku mia sita na kumi na moja. Kikabaki kimoja.

Kilikaa pembeni, pale mizani ya zamani ilipokuwa. Nyuzi tisa zilikiingia na mmoja ukatoka, na huo mmoja ulikwenda moja kwa moja kwenye breki ya ngoma. Mara kumi na moja hivi kwa zamu kilikuwa kinawaka rangi ya kaa la moto, ngoma inapungua kasi kwa sekunde tatu au nne, kisha kinazima na mambo yanaendelea. Kwa nini, hapakuwa na aliyejua. Semkiwa alikisimamia mpaka magoti yakauma. Hakikuwa cha umande, wala cha mawe, wala cha visu kuwa butu. Nyuzi zake zilitoka mahali ambapo hapakuwa na maana: kisikio, yaani kinasa sauti kidogo kilichowekwa kusikiliza beringi, vibao vya kupimia uzito chini ya meza ya kulishia, na kamera ya mkanda.

Meneja Shekiondo hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu vitu vinyooke. Alifika ghalani, akabaki mlangoni na viatu vyake, akauliza hicho kinachowaka kina jina gani. Akaambiwa hakina. Akauliza kinafanya nini. Akaambiwa kinapunguza kasi. Meneja akacheka, akasema basi kazi imejimaliza yenyewe: Ijumaa wakaguzi wakija kitafutwa pamoja na uchafu mwingine, na korona itakwenda kasi kuliko ilivyowahi kwenda tangu iletwe.

Semkiwa alikitazama tena kile kisanduku. Alikuwa na shaka, na shaka ya mtu wa mashine haipuuzwi. Katika mia sita na kumi na moja hakuwa ameona hata kimoja cha bure. Korona haikuwa na tabia ya kujifunza upuuzi.

*

Jumatatu ya wiki ya ukaguzi Meneja aliamua wafanye mazoezi ya ukaguzi. Aliamuru meza ya kulishia ipigwe maji, aproni zifuliwe, na zaidi ya yote, kelele ziishe.

Mashambani siku hizo mkonge ulikatwa na mashine za miguu sita, watu wakaziita kaa. Lakini kutandaza majani mezani, kuyageuza vichwa na kuyasukuma kwenye mdomo wa korona, bado ilikuwa kazi ya mikono, kwa sababu hakuna jani la mkonge linalofanana na lingine. Meza ilikuwa na wanawake wanne, na mkubwa wao alikuwa Kalekwa, Mnyamwezi mwenye mabega ya mpiga makasia na mdomo ambao haukuwahi kuzidiwa. Wenzake watatu walikuwa Wazigua, kama Semkiwa. Na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu siku za misafara ya kubeba mizigo hadi pwani, kwa hiyo pale mezani matusi ya kirafiki yalitembea kutwa. Mmoja anatupa, mwingine anajibu, mikono inafanya kazi. Utani ndio uliowaweka macho. Na sheria ya utani ni moja: usiache kujibu. Asiyejibu ameshindwa.

Meneja akakatiza utani kabla haujajibiwa, akasema leo hakuna utani. Wakanyamaza.

Semkiwa alikuwa ghalani, miguu mitupu, kile kisanduku kilipowaka. Akangoja kizime. Hakikuzima. Wekundu ukatanda mpaka ukafika kwenye kuta. Nje, sauti ya ngoma ilishuka, ikashuka, mpaka ikawa inazunguka kama mtu anayetembea gizani akipapasa.

Alitoka mbio bila viatu. Mezani majani yalikuwa yamerundikana. Meneja alikuwa amekunja uso, fundi wa zamu amefungua sanduku la fyuzi. Wanawake wanne walikuwa wanafanya kazi midomo imebana. Semkiwa akamuuliza Kalekwa kuna nini. Kalekwa akamwonyesha Meneja kwa kidevu, akaendelea kunyamaza.

Wazo likamjia tu, kama mambo mengi yanavyomjia mtu ambaye hajasoma sana lakini amesikiliza sana. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba sasa amejua dawa ya Wanyamwezi: ukitaka Mnyamwezi afunge mdomo mletee mtu aliyevaa tai.

Kalekwa alijizuia kwa kadiri ya kuvuta pumzi mara mbili. Kisha akajibu kwamba afadhali yeye aliyenyamazishwa na tai, kuliko Mzigua aliyekuja kazini hana viatu kwa kuwa mkewe ameviuza.

Wenzake wakapasuka kwa kicheko. Ngoma ikapanda.

Semkiwa alitega sikio. Akainua mkono kuwaomba wanyamaze. Wakanyamaza. Wakangoja. Ngoma ikashuka. Akamwashiria Kalekwa, Kalekwa akasema neno moja ambalo halifai kuandikwa, na ngoma ikapanda tena.

Hakumwambia mtu. Alirudi ghalani, akasimama juu ya kisanduku cha mwisho, akavuta pumzi tatu. Kikafunguka. Kwa wiki tano alikuwa ametazama kinafanya nini. Hakuwahi kutazama kilizaliwa lini. Akamwomba Nakijwa amsomee.

Nakijwa akachutama, akasoma. Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, miaka tisa nyuma. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Semkiwa akakaa chini palepale, juu ya mwanga.

*

Siku hiyo ya mwezi wa tatu, Semkiwa alikuwa kwenye breki. Wakati huo breki ilikuwa bado ya mkono. Mezani, upande wa mdomo wa korona, alikuwa Lugusha, Mnyamwezi, mtani wake na rafiki yake. Walikuwa wamefikishana mbali kwa utani asubuhi ile. Semkiwa akatupa moja ambayo alikuwa ameitunza tangu jana yake: kwamba Wanyamwezi wamebeba mizigo ya watu mpaka vichwa vimekuwa bapa, hata kofia zao zinashonwa za mraba.

Lugusha hakujibu.

Semkiwa akaona amemshinda. Miaka yote ile hakuwahi kumshinda Lugusha kwa maneno, na leo amemshinda. Akarusha kichwa nyuma akacheka. Alicheka sekunde tatu, labda nne, mkono uko kwenye breki. Alipotazama tena, mwiba wa jani ulikuwa umenasa mkono wa shati la Lugusha, na jani lilikuwa limekwenda nao kwenye visu.

Lugusha alipona. Mkono wa kulia haukupona. Sasa alikuwa mlinzi wa geti, na kwa miaka tisa Semkiwa alipita pale asubuhi na jioni, wakaamkiana kama watu wasiojuana: habari, njema. Hakumwambia kwamba alikuwa anacheka. Na utani hakuthubutu tena.

Haya yote alimweleza Nakijwa akiwa amekaa chini, akitazama vidole vyake vya miguu. Kisha akasema lililobaki. Mashine ilikuwa pale. Ilisikia utani ukitupwa na ikasikia haukujibiwa. Damu ilikuwa bado haijaoshwa na yenyewe ilikuwa imeshajua kwamba mtani akinyamaza, simamisha. Imelishika hilo miaka tisa, mara kumi na moja kwa zamu, bila kusifiwa na mtu. Na yeye, mwenye masikio mawili na roho, alikuwa hajakubali mpaka leo kwamba alisikia.

Nakijwa aliweka kiganja juu ya uzi mmoja, taratibu, kama mtu anayeshika shavu la mtoto aliyelala.

"Andika ni cha kupoza beringi," akasema Semkiwa. "Nitaweka dole."

Nakijwa akatikisa kichwa.

Semkiwa akamweleza kwa nini, na hakuzungusha maneno. Wakiandika ukweli, wanaandika kwamba korona imekuwa inasikiliza midomo ya watu miaka tisa bila ruhusa yao. Wanawake wale watataka kisikio king'olewe, na watakuwa na haki. Au Meneja atakipenda kupita kiasi. Atauvuta uzi mmoja mpaka mezani kwake, aone nani anasinzia, nani mgonjwa, nani amechoka, na mwisho wa mwezi atajua wa kumpunguza. Wakikiacha bila jina, Ijumaa kitafutwa, na siku moja mtu mwingine atanyamaza pale mezani na ngoma haitamngoja. Uongo mmoja mdogo unawaokoa wote.

Injinia alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema ameijenga Ramani ili pasiwe na siri kati ya mashine na watu wanaoilisha, na siri iliyoandikwa vizuri bado ni siri. Halafu akasema jambo ambalo Semkiwa hakuwa amelifikiria.

"Mzee, kuna siku atakuja fundi mwenye njia bora ya kupoza beringi. Atasoma jina, ataona kisanduku hiki ni cha zamani. Atakifuta kwa nia njema kabisa."

Semkiwa aliinuka. Alizunguka ghala lote, akavipita visanduku vyote alivyovitaja, akampita Chambo pale dirishani. Alikuwa mtu wa kuamua haraka, na hili halikuamulika haraka. Ilipiga saa nne, honi ya chai ikalia, na bado alikuwa anazunguka. Honi iliponyamaza alijua angalau kwamba kisanduku kile si chake kukiamulia. Si yeye aliyekilisha. Sauti zilizokilisha zilikuwa nje, zinakunywa uji.

Akavaa mabuti, akaenda kwanza getini.

Lugusha alikuwa anafuta kioo cha kibanda kwa mkono wa kushoto. Semkiwa akasimama mbele yake, akamwambia bila salamu kwamba siku ile alikuwa kwenye breki, na hakuvuta kwa sababu alikuwa anacheka, akidhani amemshinda. Lugusha akaacha kufuta. Kisha akakitundika kitambaa dirishani, akauliza kama ndilo hilo tu lililomleta au kuna lingine.

"Lipo lingine," akasema Semkiwa. "Njoo uone."

*

Waliingia sita, viatu vimebaki mlangoni: wanawake wanne, Lugusha na Semkiwa. Mmoja wa wale Wazigua watatu alijishika kifua akasema hii ni mbingu imeangukia chini, na hakuna aliyemcheka. Semkiwa akawapeleka pembeni, akawaambia kila kitu. Kinasikia nini, tangu lini, na kwa sababu ya nani.

Kalekwa alikuwa wa kwanza kusema.

"Miaka tisa inatusikiliza? Na yale ya mimi na mume wangu?"

Semkiwa akakiri, na hayo pia. Kalekwa akafoka. Akasema angejua angedai alipwe kwa hayo, na kwamba hata shetani anabisha hodi. Wenzake wakaunga mkono, na kwa muda ilionekana kisikio kitang'olewa mchana uleule. Nakijwa hakubishana nao. Alimwomba Kalekwa asimame juu ya kisanduku, avute pumzi tatu.

Kikafunguka. Nakijwa akawaonyesha kwa kidole cha mguu. Ndani hamkuwa na maneno. Mlikuwa na mawimbi mawili tu, moja linaondoka, jingine linarudi, na kati yake nafasi tupu iliyokuwa inapanuka na kujifunga. Hakijui Kiswahili wala Kinyamwezi. Hakijui mume. Kinajua tu kwamba kimetupwa kitu na hakijarudi. Kikisharudi, kinasahau.

Kalekwa alilitazama lile wimbi linaloondoka, likingoja, likirudishiwa mwenzake. Mabega yake yakashuka.

"Kumbe ni mtoto mchanga," akasema polepole. "Anamsikiliza mama kama bado yupo."

Lugusha alikuwa amepiga goti. Alinyoosha mkono wake mmoja juu ya mwanga bila kuugusa, kama mtu anayeota moto, na tarehe ile ikamwandikika mgongoni mwa kiganja.

Baada ya hapo hawakubishana tena kama kibaki au kisibaki. Walibishana juu ya dole. Sheria inataka dole moja. Kalekwa akakataa. Alisema mtu mmoja anaweza kuitwa ofisini, akapewa soda na kiti kizuri, akatoka amekubali lolote. Uzi ukitaka kwenda kwa Meneja, uombwe kwa wote wenye midomo, na mmoja akisema hapana iwe hapana. Nakijwa akaeleza kwamba Ramani haijui kitu kama hicho. Kila kisanduku kina sehemu ya dole moja, ndivyo alivyoijenga tangu msingi.

"Basi ibomoe," akasema Kalekwa. "Wewe si ndiye uliyeijenga?"

Nakijwa akatazama kazi yake ya miaka minne, kutoka ukuta hadi ukuta. Akaanza kutafuna kucha. Kisha akacheka kidogo, akaenda kuchukua kompyuta yake.

*

Ijumaa wakaguzi walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama wa makamo aliyezoea kudanganywa. Walipofika mlangoni na kuiona sakafu, wote watatu walivua viatu bila kuambiwa. Meneja naye akavua. Soksi yake moja ilikuwa na tundu.

Walikwenda kisanduku kwa kisanduku mpaka wakafika pembeni. Pale mwanga ulikuwa na madole sita, yamekaa duara kama watu waliozunguka sinia. Juu yake Nakijwa alikuwa ameandika: kumngoja mtani ajibu.

Ikabidi kuelezwa, na Semkiwa akaeleza, bila kuficha kisikio wala kicheko chake. Meneja alisikiliza, na akawa wa kwanza kuona faida. Akasema jambo hili ni kubwa, basi uvutwe uzi mmoja tu hadi ofisini, apate kujua nani anachoka. Akakanyaga kwa kisigino, akavuta. Uzi ukatoka kidogo, ukasimama. Madole sita yakawaka. Akavuta tena. Wale wanawake walikuwa nje, mezani, na hawakuwa wametoa ruhusa. Uzi ukamtoka mguuni ukarudi mahali pake.

Meneja akabaki anautazama mguu wake. Mkaguzi mkubwa alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akasema jina ameliona na madole ameyaona, sasa anataka kuona kazi. La sivyo atakifuta.

Wakatoka wote hadi mezani. Taa moja ilikuwa imehamishiwa kule, kile kisanduku kikaonekana kwenye saruji, miguuni pa watu. Lugusha alisimama mahali pake pa zamani, mara ya kwanza baada ya miaka tisa, akilisukuma jani kwa mkono wa kushoto. Korona ilikuwa kasi yote, upepo wa visu unapeperusha vitambaa vya vichwa. Semkiwa akaja akasimama ng'ambo.

"Mtani," akasema, "ninyi mmebeba mizigo ya watu mpaka vichwa vimekuwa bapa. Hata kofia zenu zinashonwa za mraba."

Lugusha hakujibu.

Kisanduku kikawaka. Ngoma ikaanza kushuka. Mkaguzi akaweka kiganja kwenye ukingo wa meza kuhakikisha. Visu vilianza kuonekana kimoja kimoja, kisha vikawa vinatembea, kisha ile mashine kubwa, yenye kula tani kwa saa, ikasimama mbele ya mtu mmoja mwenye mkono mmoja, ikimngoja aseme.

Lugusha akaweka jani chini.

"Kweli tumebeba," akasema. "Na mzigo mzito kuliko yote alikuwa Mzigua mmoja tuliyemkuta njiani. Alijifanya maiti ili abebwe. Miaka tisa iko kichwani kwangu, maiti hiyo. Shuka sasa, mtani. Shingo inaniuma."

Ngoma ikapanda, wanawake wakapiga vigelegele. Semkiwa akataka kucheka akashindwa. Alisimama macho yamejaa maji, mikono haijui pa kukaa, na sekunde zikapita. Kisanduku kikawaka tena chini ya miguu yake. Korona ikaanza kupungua.

Kalekwa akamsukuma kwa kiwiko.

"Mjibu, Mzigua. Mashine inakungoja wewe."

Semkiwa alifuta uso kwa mkono wa shati. Visu vilikuwa vinatembea polepole, kwa subira yote ya miaka tisa.

"Nilishashuka zamani," akasema, sauti inakwaruza. "Nimekuaga na kukuaga. Lakini Mnyamwezi atasikiaje, na masikio yamebanwa na mzigo?"

Mwanga ukazima, na ngoma ikaanza kupanda.